Kingamwili, Kuvu na Ukungu: Istilahi za Kipimo cha Damu na Uelewa wa Mgonjwa

1.0 Utangulizi
Makala haya yanachunguza istilahi zinazotumiwa kumfafanulia mgonjwa kipimo cha damu cha maradhi ya mapafu yaletwayo na kuvu iitwayo aspajilasi. Mfano ni Mau Narok, kaunti ya Nakuru, eneo la nyanda za juu lenye baridi, ngano, shayiri na viazi. Mbegu za kuvu hiyo hukaa udongoni na katika nyasi na nafaka zilizooza, nazo huvutwa kwa pumzi. Wengi hawadhuriki, ila pafu lililoachwa na tundu baada ya kifua kikuu huweza kuwa makao yake.

2.0 Kipimo
Kikohozi cha miezi 3 au zaidi, makohozi yenye damu na kukonda ni dalili zinazofanana na za kifua kikuu. Utafiti wa Gulu, Uganda, uliochapishwa mwaka 2019, uliyapata maradhi haya kwa 26% ya waliotibiwa kifua kikuu wakabaki na matundu, na chini ya 1% ya wasio nayo. Maabara hutafuta kingamwili za IgG dhidi ya kuvu hiyo, na matokeo husomwa pamoja na dalili na picha ya kifua. Hata hivyo, mwenye kinga dhaifu huweza kukosa kingamwili ilhali anaugua.

3.0 Utata wa Istilahi
Ukungu ni umande mzito wa asubuhi milimani. Ni pia uozo uotao juu ya mkate. Mkazi wa Mau Narok aambiwaye ana ukungu mapafuni huenda akalaumu baridi, akatafuta sweta badala ya dawa. Neno kuvu halina utata huo.

Kingamwili lina utata mzito zaidi. Limeundwa kwa kinga na mwili, maneno yaleyale yaliyozaa UKIMWI, yaani Ukosefu wa Kinga Mwilini. Umma umefunzwa kuwa kinga nyingi ni afya. Basi mgonjwa akisikia kingamwili zake ziko juu, hufurahi akaenda zake, kumbe damu inashuhudia vita vya muda mrefu.

4.0 Hitimisho
Istilahi ibaki, lakini iandamane na maelezo: “Damu yako ina alama kwamba mwili unapigana na kuvu.” Tiba ya itrakonazo huchukua angalau miezi 6, na rifampisini ya kifua kikuu huidhoofisha. Kwa hiyo kuyataja maradhi kwa jina linaloeleweka ni sehemu ya tiba yenyewe.