Picha ya Risiti na Rekodi Yake Zisiachane

Una duka la hadwea na unauza kwa deni. Kastoma amechukua mifuko 20 ya simiti, ametia sahihi karatasi ya kupokea mzigo, nawe umeipiga picha. Miezi miwili baadaye anasema alichukua 12. Picha unayo, lakini iko wapi? Imezama kwenye simu kati ya picha za harusi, na jina lake ni tarakimu tupu.

Pengine rekodi zako ziko kwenye Google Sheets. Sawa kabisa. Ukiingiza picha kwa kompyuta, utapewa njia mbili: kuiweka ndani ya kisanduku, au juu ya visanduku ikielea tu. Hiyo ya kuelea ndiyo hatari. Siku utakapopanga orodha upya kwa majina, mistari itahama na picha itabaki palepale. Sasa karatasi ya Wanjiru imekaa kando ya deni la Otieno, na hakuna kitakachokuonya.

Kwa rekodi chache, chagua ndani ya kisanduku. Zikiwa mamia, usijaze picha hapo, faili litakuwa zito hadi simu ichoke kulifungua. Weka picha kwenye Google Drive, halafu kwenye rekodi bandika kiungo chake. Faili lipe jina linalofanana na nambari ya mauzo, mfano 0147-mzigo. Picha ya malipo ya M-Pesa iite kwa nambari ya muamala, ile ya herufi na tarakimu 10, kwa sababu haijirudii. Kiungo kikikatika, bado utajua utafute nini.

Lakini tusidanganyane: picha ya ujumbe wa malipo sio pesa. Ujumbe huhaririwa haraka sana. Kabla ya kuiambatisha, tafuta nambari hiyo kwenye taarifa ya till yako. Isipokuwepo, hujalipwa.

Na kama unapiga picha vitambulisho vya wateja, Sheria ya Ulinzi wa Data ya 2019 inakuhusu, hata duka likiwa dogo. Usiache folda wazi kwa kila mwenye kiungo. Ongeza barua pepe ya mhasibu wako peke yake. Deni likilipwa, usikimbilie kufuta risiti. KRA inataka rekodi za biashara zihifadhiwe miaka 5.