Cheti cha Kidijitali cha Ulinganifu wa Magari: Maandalizi ya Karakana za Bodi na Matela Rungwe

Anayebadili umbo la gari ni mtengenezaji wa gari hilo. Hii ndiyo kanuni ya msingi katika kazi ya bodi, na husahaulika kwa urahisi pale lori linapoingia karakanani Tukuyu likiwa chesisi na kabini tu, kisha likatoka na bodi la kubebea ndizi, viazi au majani mabichi ya chai. Kiwanda kilichounda chesisi kinawajibika kwa hatua yake. Karakana iliyopachika bodi, kurefusha chesisi au kuongeza ekseli inawajibika kwa hatua yake yenyewe, iwe ina kibao mlangoni au haina.

Umoja wa Ulaya umeiweka kanuni hiyo katika sheria. Kanuni namba 2018/858, iliyoanza kutumika tarehe 1 Septemba 2020 baada ya kashfa ya Volkswagen ya mwaka 2015 ya kudanganya vipimo vya moshi, inamtaka kila mtengenezaji wa hatua athibitishe sehemu yake. Kuanzia tarehe 5 Julai 2026 cheti cha ulinganifu, yaani uthibitisho kwamba gari limetengenezwa sawasawa na aina iliyoidhinishwa, kinapaswa kuifikia mamlaka ya uidhinishaji kikiwa taarifa za kielektroniki zilizopangwa, bila malipo na bila kucheleweshwa. Picha ya karatasi iliyopigwa kwa simu haitoshi. Kila kipimo hukaa mahali pake, ili kompyuta ya msajili ikisome pasipo kumuuliza mtu.

Sharti hilo halimfungi fundi wa Rungwe. Hata hivyo, mwelekeo wa nchini ni huohuo. Wafanyabiashara walizoea mashine za risiti za kielektroniki tangu mwaka 2010, na Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya mwaka 2015 inatambua kumbukumbu na saini za kielektroniki. Mwaka 2021 Shirika la Viwango Tanzania (TBS) lilianza kukagua nchini magari yaliyotumika, kazi iliyokuwa ikifanywa na mawakala huko yanakotoka. Karakana inayosubiri sharti kama hilo litangazwe nchini ndipo ianze kuweka kumbukumbu itakuwa imechelewa, kwa sababu gari la leo halipimiki upya likishauzwa mara mbili.

Maandalizi huanza kwenye namba ya chesisi. Namba ya kimataifa ina herufi na tarakimu 17, na haitumii kabisa herufi I, O wala Q. Karani akiandika O palipo na sifuri, karatasi itapokea bila kulalamika. Mfumo wa kidijitali utaikataa, au, jambo baya zaidi, utaiunganisha kumbukumbu na gari lisilohusika. Namba inanakiliwa kutoka kwenye chuma chenyewe, si kutoka kwenye kadi ya gari. Kwa mvua za Tukuyu, mara nyingi eneo hilo huwa na kutu na tope la miaka. Lisafishwe kwa brashi na mafuta ya taa, karatasi ibandikwe juu, penseli ilazwe na kusuguliwa mpaka namba ijitokeze, kisha ipigwe picha. Grainda isiguse hapo kamwe: namba iliyosagwa ni shauri la polisi, na nia njema ya fundi haitasaidia sana.

La pili ni uzito, na hapa ndipo makadirio ya macho huwaponza wengi. Tuchukue lori dogo ambalo kiwanda kimeliruhusu uzito wa jumla wa kilo 8,000, na chesisi pamoja na kabini ni kilo 2,800. Bodi la kilo 600 linabakiza kilo 4,600 kwa mzigo, mafuta, dereva na utingo. Mteja akiomba vyuma vinene na bodi likafika kilo 900, zinabaki 4,300. Asipoelezwa, atapakia kwa hesabu ya zamani. Sheria ya Jumuiya ya Afrika Mashariki ya mwaka 2016 ya udhibiti wa uzito wa magari, ambayo Tanzania ilianza kuitekeleza tarehe 1 Machi 2019, inaweka ukomo wa tani 56 kwa gari zima na tani 10 kwa ekseli moja yenye matairi manne. Ukomo wa kiwanda ukiwa mdogo kuliko wa sheria, unaofuatwa ni wa kiwanda.

Si jumla pekee inayohesabika. Bodi lililorefushwa nyuma huhamishia mzigo kwenye ekseli ya nyuma na kupunguza uzito wa mbele, na lori linaloteremka Kiwira kwenye lami yenye maji huhitaji matairi ya mbele yakamate barabara. Kwa hiyo gari lipimwe kabla na baada ya kazi, kila ekseli peke yake, na stakabadhi za mizani zihifadhiwe.

Saini ya kuthibitisha kumbukumbu hizi iwe ya mtu mmoja anayejulikana, aliye na mamlaka ya kukataa. Fundi mchomeleaji hapaswi kulazimishwa kuthibitisha kipimo ambacho hakukishuhudia, na nywila ya mwenye kuthibitisha haiachwi mezani kwa karani. Majina na simu za wamiliki wa magari zinalindwa na Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022. Hazisambazwi kwenye makundi ya simu pamoja na picha za kazi.

Programu ya kutunza kumbukumbu hununuliwa mwisho. Jedwali la kawaida la kompyuta, mstari mmoja kwa kila gari, linatosha kwa kuanzia, mradi nakala ya pili ihifadhiwe nje ya karakana. Safu zake ziwe zile zile kwa kila gari: namba ya chesisi, vipimo, uzito wa kila ekseli, matairi, tarehe na aliyethibitisha. Gari likabidhiwe pamoja na maelezo hayo kwa maandishi, na mmiliki aelekezwe kuwasilisha mabadiliko Mamlaka ya Mapato (TRA), ili kadi isomeke sawa na gari lililoko barabarani.