Mchele wa Banalia na kalamu ya Boyoma: vidokezo kwa muuzaji anayetafuta wanablogu

Kisangani hakuna asiyemjua komisyonere. Unatafuta nyumba Mangobo, yeye anayo. Unauza pikipiki, mnunuzi anakuja naye. Mkishakubaliana anachukua fungu lake na kwenda zake. Amazon ilipoanzisha mpango wake wa washirika mwaka 1996, kazi ilikuwa ileile: anayekuletea mteja anapata asilimia, asiyemleta hapati kitu. Kwa hiyo wewe mwenye mchele, mawese au asali ya Banalia usitishike na jambo hili kwa sababu tu limehamia kwenye simu. Mwanablogu ni komisyonere mwenye wasomaji. Shida huanza pale mnapofanya kazi pamoja bila kupanga, kwa hiyo panga hivi.

1. Tafuta wasomaji walio karibu na gunia lako

Mwanablogu wa Kinshasa mwenye wafuasi elfu hamsini anavutia, lakini kati yako na wafuasi wake kuna zaidi ya kilomita 1,700 za mto. Yule mwenye wasomaji mia nane wa Makiso, Kabondo na Tshopo atakuuzia zaidi, maana mteja anaweza kumtuma toleka, yaani mtu wa baiskeli ya abiria, alasiri na mchele ukapikwa jioni.

Kuna wasomaji wengine ambao wauzaji wengi huwasahau: watoto wa Boyoma, yaani Kisangani yetu, walioko Bruxelles au Paris. Hawa hawali mchele wako, ila mama zao wanaula. Mwanablogu anayesomwa na watu wa ughaibuni anaweza kukuletea mteja anayelipia huko mfuko unaopokelewa hapa Lubunga, na mteja huyo mara nyingi hununua kila mwezi. Ukitaka pa kuanzia kutafuta, angalia waandishi wa Habari RDC na wa Mondoblog ya RFI, kisha wale wasio na blogu kabisa bali kurasa za Facebook na makundi ya WhatsApp yenye kelele. Soma maoni chini ya maandishi yao. Watu wakiuliza "bei gani?" na "napata wapi?", huyo ndiye. Wakiandika tu "safi sana kaka", endelea kutafuta.

2. Andikeni, hata kama mmesoma darasa moja

Banalia yenyewe inajua mapatano yenye matundu yanazaa nini. Februari 1887, kule Zanzibar, mpelelezi Stanley alikubaliana na mfanyabiashara Tippu Tip: huyu awe liwali wa Stanley Falls, yaani Kisangani ya leo, kwa mshahara wa pauni 30 kwa mwezi, tena alete wapagazi 600 kwa ajili ya msafara wa kumwokoa gavana Emin Pasha. Stanley akatangulia msituni. Kikosi cha nyuma kikabaki Yambuya, kando ya Aruwimi, kikiwasubiri wapagazi hao. Kilisubiri karibu mwaka mzima huku watu wakifa kwa njaa na maradhi.

Tippu Tip alidai kwamba baruti aliyoahidiwa na Stanley haikumfikia. Wapagazi walipokuja hatimaye, Juni 1888, walikuwa pungufu, na ukazuka ubishi juu ya uzito wa mizigo hadi ikabidi ifungwe upya iwe myepesi. Kikosi kikaondoka Yambuya, na tarehe 19 Julai mkuu wake, Meja Barttelot, alipigwa risasi na kufa huko Banalia. Tippu Tip aliacha maelezo ya upande wake kwa Kiswahili, Stanley aliacha yake kwa Kiingereza, na ukiyasoma yote mawili utadhani walikuwa na mapatano mawili tofauti.

Wewe hupeleki watu msituni, namshukuru Mungu, lakini maswali hayajabadilika: nani analeta nini, kwa kipimo gani, lini. Ukurasa mmoja unatosha. Andikeni asilimia, na andikeni ni asilimia ya nini. Chukua mfano wa mfuko unaouzwa franki 60,000, ndani yake 8,000 zikiwa za usafiri. Asilimia tano ya bei yote ni 3,000. Ya mchele peke yake ni 2,600. Franki 400 hazigombanishi watu. Mifuko mia ikiuzwa zinakuwa 40,000, na hapo urafiki unaanza kutetereka. Andikeni pia nini kinatokea mteja akirudisha mfuko, na kama mteja huyohuyo akinunua tena mwezi ujao mwanablogu bado ana fungu lake. Mimi ningempa, angalau kwa miezi mitatu ya kwanza. Inamfanya amtunze mteja badala ya kukimbilia mwingine.

3. Kila mmoja awe na neno lake

Duka kubwa la mtandaoni lina mitambo ya kujua mnunuzi ametoka kwa nani. Wewe una WhatsApp, na inatosha. Kiungo kinachoanza na wa.me hubeba namba yako pamoja na ujumbe uliokwisha kuandikwa. Mtengenezee kila mwanablogu kiungo chake: msomaji akibonyeza, ujumbe unafunguka ukiwa na neno la mwanablogu huyo, tuseme LITUMA au MAWESE. Wanaopendelea kupiga simu walitaje neno hilo ili wapate punguzo dogo, la sivyo watalisahau. Kila Jumamosi piga picha ukurasa wa daftari lako wenye mauzo ya neno lake na umtumie, hata wiki ambayo hakuna kitu. Ficha majina na namba za wateja kwanza.

4. Lipa upesi, na utaje fedha gani

Kongo tunahesabu kwa dola na kulipa kwa franki, au kinyume chake. Kama kamisheni mmeipanga kwa dola, semeni ni kiwango cha siku gani: siku ya mauzo au siku ya malipo. Semeni pia nani anabeba gharama ya kutoa pesa, iwe ni M-Pesa, Airtel Money, Orange Money au Afrimoney. Kiasi kikiwa kidogo gharama hiyo huonekana, na mwanablogu anayepokea pungufu bila kuelezwa hatauliza. Atapoa tu.

Kulipa kila wiki ni bora kuliko kila mwezi, hasa mwanzoni.

5. Asiandike kabla mzigo haujafika

Kutoka Banalia hadi Kisangani ni karibu kilomita 130 za Barabara ya Taifa namba 4, na msimu wa mvua unajua mwenyewe zinavyokuwa. Mzigo unaotoka ng'ambo ya Aruwimi lazima kwanza usubiri baki, yaani kivuko. Andiko zuri likitoka Jumatatu na mchele ukafika Alhamisi ya wiki inayofuata, anayetukanwa kwenye maoni ni mwanablogu wala si wewe, na jina lake ndilo mtaji wake. Mwambie una mifuko mingapi ghalani, na ikibaki michache mwambie tena.

6. Mwache apike, mwache aseme

Mpe mfuko mdogo bure, aupike na sombe na samaki nyumbani kwake. Akiandika kwamba mchele una mawe machache unahitaji kuchaguliwa, usimwombe afute, chagua mawe. Msomaji akiona kasoro moja imetajwa ataziamini sifa tatu zilizobaki.

Na aseme wazi kwamba anapata kamisheni. Kongo ina Kanuni ya Dijitali tangu tarehe 13 Machi 2023, na biashara ya mtandaoni imo ndani yake. Ukishirikiana na mwanablogu wa Tanzania, muulize kuhusu leseni: kanuni za maudhui ya mtandaoni za mwaka 2018 ziliwataka wanablogu wa huko waisajili kazi yao na kuilipia ada.

Jambo dogo: picha ziwe nyepesi. Wasomaji wetu wananunua mega kidogo kidogo, na picha nzito haifunguki.

7. Anza na wawili

Kumi watakushinda kuhesabu. Wawili, tena wa namna tofauti: mmoja wa mjini, mmoja wa ughaibuni. Baada ya miezi mitatu utaona nani anauza. Asiyeuza mwambie ana kwa ana, mlipe kilichobaki, usimnyamazie. Mteja wake akija baadaye na neno la zamani, mlipe mwenye neno fungu lake kama kawaida, na umtumie ukurasa wa daftari.