Tuyalinde Mawazo Yetu

Mwanzoni mwa Misa, padre na waamini pamoja, twajipiga kifua na kukiri makosa yetu. Wasomaji wapenzi, angalieni mpango wa maungamo yale: mawazo hutajwa kwanza, kisha maneno, kisha vitendo, na mwishoni yale tuliyoacha kuyatimiza. Lakini tukijichunguza dhamiri, twakumbuka tusi, twakumbuka ulevi, na mawazo twayapita upesi. Ni nadra mtu kukumbuka kwamba kwa miezi mitatu amemdhania jirani yake mabaya bila ushahidi wowote.

Dhana hiyo mbaya ndiyo tunayotaka kuisema leo, maana madhara yake tumeyaona nchini mwetu. Mtoto ameugua ghafula, amefariki. Uchungu wa wazazi ni wa kweli, wala hakuna mwenye haki ya kuudharau. Ndipo wazo linapobisha hodi: ni nani aliyetutendea haya? Macho yamwangukia bibi kizee aishiye peke yake, kwa kuwa macho yake ni mekundu. Lakini mama aliyepika miaka hamsini kwa kuni, au kwa samadi kavu mahali ambapo miti imekwisha, atakosaje macho mekundu? Ni moshi. Hata hivyo, katika sehemu za Shinyanga na Mwanza vikongwe wameuawa kwa mapanga kwa kushukiwa uchawi, na wekundu wa macho ukahesabiwa kuwa dalili. Panga lilikuja mwisho. Wazo lilitangulia, nalo lilikuwa limekaribishwa ndani, likapewa kiti, likalishwa kwa minong'ono ya jamaa na ramli ya mganga.

Tusijidanganye kwamba hayo ni ya wasio na dini. Hata mwenye rozari mkononi aweza kuambiwa kwamba kikulacho ki nguoni mwako, naye akaanza kuwahesabu majirani zake mmoja mmoja. Asilolitazama ni lile wazo lenyewe, ambalo ndilo lililo nguoni mwake kweli.

Je, wazo likija tu, tayari tumetenda dhambi? Hasha. Wamonaki wa jangwa la Misri walilichunguza sana jambo hili. Mmoja wao, Evagrius, aliyefariki mwaka 399, aliandika juu ya mawazo manane yanayomsumbua mtu. Baadaye Baba Mtakatifu Gregori Mkuu (590–604) aliyapanga upya, na kutoka huko tumepata vilema vikuu saba tunavyofundishwa katika katekisimu. Evagrius alisema waziwazi kwamba kusumbuliwa na mawazo hakumo katika uwezo wetu, bali kuyaacha yakae au yasikae kumo. Kadhalika husimuliwa habari za Abba Poemen, aliyejiwa na ndugu mmoja akilalamika kwamba mawazo yanamshinda. Mzee akamtoa nje, akamwambia apanue kifua wala asivute hewa. Yule ndugu akajibu kwamba hawezi. Basi, mzee akamwonyesha kwamba vivyo hivyo hawezi kuyazuia mawazo yasije, bali aweza kuyapinga. Wale wanaojitesa usiku kucha kwa sababu ya wazo baya lililowapitia, na wapo wengi kuliko tunavyodhani, wapokee faraja hiyo.

Na namna ya kulipima wazo? Mtakatifu Inyasi wa Loyola aliumizwa mguu kwa mzinga huko Pamplona mwaka 1521. Akiwa kitandani alisoma maisha ya Kristu na ya watakatifu, na mara nyingine aliota sifa za kiaskari. Aligundua kwamba ndoto zile za sifa zilimpendeza kwa kitambo, kisha zikamwacha mkavu. Mawazo ya kuwafuata watakatifu yalimwachia furaha iliyodumu. Kipimo hicho chafaa hata kwetu. Dhana mbaya nayo ina utamu wake: humpa mfiwa mtu wa kumlaumu. Lakini baada ya juma moja hawezi kulala wala kuitika salamu, na majonzi yake hayajapungua hata kidogo.

Katekisimu ya Kanisa Katoliki ya mwaka 1992, namba 2477, yafundisha kwamba anayekubali kuwa jirani yake ana kosa, pasipo sababu ya kutosha, amekosa dhidi ya heshima ya jirani huyo, hata kama amekubali moyoni tu bila kusema neno. Namba inayofuata, kwa mafundisho ya Inyasi huyo huyo, yatutaka tuwe wepesi wa kuyapokea maneno ya mwenzetu kwa maana njema, na tusipoweza, tumwulize yeye mwenyewe. Tumwulize yeye, si mganga! Hatusemi tufumbe macho: aliyeona mlango wake umevunjwa na aende polisi, na mwenye mtoto mgonjwa awahi zahanati. Kutafuta ukweli ni wajibu. Kujitungia mkosaji ni jambo jingine kabisa.

Wazazi, watoto wenu hujifunza mawazo yenu kabla hawajajifunza sala zenu. Baba akimtaja kikongwe fulani kwa sauti ya chini wakati wa chakula, kesho mtoto hampokei tena bibi yule ndoo ya maji. Siku hizi minong'ono hiyo hata haihitaji kuvuka ua. Hufika kwa simu, kwa sauti iliyorekodiwa, ikapelekwa kwa jamaa wote kabla ya mazishi. Twawashauri katika sala ya jioni mnyamaze kidogo, muda wa Baba Yetu moja, kila mmoja aangalie ni nani aliyemdhania mabaya mchana ule. Na kama jina limepatikana, asubuhi mtu aende akamjulie hali.