Mafunzo Niliyopata Bweranyange, Makao ya Wakama wa Karagwe

1. Kumbukumbu ya mfalme si lazima iwe ya jiwe. Dario wa Uajemi, aliyefariki mwaka 486 kabla ya Kristo, alichongewa kaburi kwenye jabali la Naqsh-e Rostam, sifa zake zikaandikwa papo hapo. Lakini Bweranyange, walikotawala Wakama, yaani wafalme, wa nasaba ya Kihinda, nyumba zilikuwa za miti na nyasi. Ukipanda peke yako utaona kilima na malisho, ushuke ukidhani hapakuwa na kitu.

2. Basi panda na mzee wa pale, wala usitangulize maswali. Kahawa ya kutafuna ikipitishwa, pokea kwa mikono miwili. Mwenyeji wangu alianza na Nono wa ukoo wa Basiita, aliyetawala kabla ya Ruhinda, mwanzilishi wa nasaba ya Kihinda, akateremka koo kwa koo. Tarehe hakuzihitaji.

3. Maandishi ya Karagwe ni chuma. Hili ndilo lililonishika zaidi. Wahunzi wa huku walifua ng'ombe wadogo wa chuma wenye pembe ndefu, pamoja na nyundo na mikuki ya enzi, na mwaka 1876 msafiri Stanley alionyeshwa hazina ya Omukama Rumanyika. Katika falme za maziwa makuu nyundo ni alama ya ufalme: anayetawala moto na chuma ndiye anayelisha jembe na vita. Ng'ombe ni utajiri, na ndiye anayefunga undugu baina ya watu. Ukizijua alama hizo mbili, unasoma utawala mzima bila herufi hata moja.

4. Vitabu vya wageni visomwe kwa uangalifu. Msafiri Mwingereza Speke alifika mwaka 1861, akaandika jinsi watoto wa Ndagara, baba yake Rumanyika, walivyogombea kiti, ngoma ikawekwa mbele yao, na Rumanyika peke yake akaweza kuinyanyua. Namshukuru kwa hilo. Lakini mtu huyohuyo alimpima mwili mwanamke wa nyumba ya kifalme kwa utepe, kisha akachapisha vipimo vyake. Ukurasa ule unaniumiza kila ninapoufikia.

5. Mwaka 2019 ilitangazwa Hifadhi ya Taifa ya Rumanyika-Karagwe. Ni heshima kubwa, ila watalii wengi huliona jina kwenye ubao wasijue ni la nani.

6. Rekodi sauti, kwa ruhusa. Mwache mzee aseme kwa lugha yake ya Kinyambo mpaka amalize, vijana wa Karagwe na Kyerwa wakisikiliza. Tafsiri ya Kiswahili ifanyike baadaye, yeye mwenyewe akiwepo kuisahihisha.