Nilimwonyesha udhaifu wa mtandao wake, akataka kuniitia polisi

Shangazi,

Nina miaka 31, ninaishi Arusha, nimeoa na tuna mtoto mmoja. Nimeajiriwa hotelini kama ofisa TEHAMA. Usiku hujisomea usalama wa mtandao, na nataka kuanzisha kampuni yangu ya kuzilinda kampuni ndogo, hasa hizi za utalii ambazo hazina mtu wa kompyuta. Mwezi uliopita nilikwenda kwenye ofisi moja ya safari kujitambulisha. Nikiwa nasubiri mapokezi, niliingia kwenye kamera zao kwa nywila ile ile zilizotoka nayo kiwandani, nikapiga picha ya skrini, nikamwonyesha mwenye ofisi ili aone hatari. Alinifukuza, akasema ataniitia polisi, na sasa wenzake nao wamesikia. Mke wangu anataka niachane na jambo hili nishike mshahara. Mimi nimeshaandika barua ya kuacha kazi ila sijaipeleka. Nimekosea wapi, na je, niendelee?

Msomaji wako, Arusha

Mwanangu, ulikosea pale ulipoingia bila ruhusa, na kosa hilo si dogo. Sheria ya Makosa ya Mtandao ya mwaka 2015, kifungu cha 4, inakataza kuingia kwa makusudi na isivyo halali kwenye mfumo wa kompyuta wa mtu mwingine. Adhabu yake ni faini isiyopungua shilingi milioni 3, au kifungo kisichopungua mwaka mmoja, au vyote viwili. Nywila kuwa rahisi hakukupi idhini. Ukikuta mlango wa jirani uko wazi unapiga hodi na kumwambia. Huingii mpaka chumbani ukapiga picha, ndipo umwite aje aone. Ulitaka yule bwana akuone mtaalamu, naye alichoona ni mtu aliyempekua.

Rudi kwake. Usiende na bei wala kadi ya biashara. Mwombe radhi, futa ile picha mbele ya macho yake, mwelekeze namna ya kubadili nywila ya kamera, kisha uage. Wenye kampuni za utalii hapo Arusha wanajuana. Msimu ukifurika wanaazimana magari na kupeana wageni. Habari mbaya imepita njia hiyo, na radhi yako nayo itapita humo humo.

Kuanzia sasa usiguse kifaa cha mtu kabla hujapata ruhusa ya maandishi. Karatasi itaje mfumo gani utakaguliwa, kuanzia tarehe gani hadi gani, nini utafanya na nini hutafanya, na isainiwe na mwenye kampuni mwenyewe, si msichana wa mapokezi. Kama tovuti au barua pepe zao zinahifadhiwa na kampuni nyingine, idhini ya hiyo kampuni nayo itahitajika.

Sasa nije kwenye biashara yenyewe, maana naona ulikwenda kuuza hofu. Mwenye magari manne ya safari haamki akiwaza wadukuzi. Anawaza mafuta, mishahara ya madereva, na makadirio ya TRA. Ukimtajia hatari zinazoelea hewani atakusikiliza kwa adabu tu. Mtajie hasara anayoijua. Karibu kila Mtanzania ameshapokea ule ujumbe wa "ile hela tuma kwenye namba hii", kwa hiyo utapeli wa malipo anauelewa. Asichokijua ni jinsi unavyofanyika kwa barua pepe, na hapo ndipo kampuni za utalii zinapoumia, kwa sababu mgeni aliye Ujerumani au Marekani hulipa kiasi kikubwa kwa watu ambao hajawahi kuonana nao.

Mweleze hatua kwa hatua. Mfanyakazi anapata barua pepe inayomwomba aingie tena kwenye akaunti ya ofisi. Ukurasa ni wa bandia, nywila inakwenda kwa mwizi. Mwizi hafanyi fujo. Anaweka kanuni ndani ya akaunti ili kila barua yenye neno la malipo ipelekwe nakala kwake, halafu anakaa kimya akisoma: nani anakuja, lini, analipa kiasi gani. Ankara inapokaribia kutumwa, anamwandikia mgeni kwa jina la kampuni, kwa lugha ile ile ya kampuni, kwamba akaunti ya benki imebadilika. Mgeni analipa. Anatua KIA akiwa na risiti mkononi, na kampuni haijapokea hata senti. Hapo mwenye kampuni ama anabeba gharama ya safari nzima, ama anaacha jina lake lichafuke kwa wageni wengine.

Kuzuia hilo hakuhitaji mitambo ya mamilioni, na hapo ndipo utakapompata mteja. Washa uthibitishaji wa hatua mbili kwenye kila akaunti ya ofisi. Kagua kama kuna kanuni za siri za kupeleka barua nje. Kila mfanyakazi awe na akaunti yake badala ya watano kutumia moja, na anayeacha kazi akaunti yake ifungwe siku hiyo hiyo. Weka sawa rekodi za SPF, DKIM na DMARC kwenye kikoa chao, ili asitokee mtu wa nje kutumia anwani yao kirahisi. Kisha waandike mkataba mmoja na wageni wao: hatubadilishi akaunti ya benki kwa barua pepe, na ukiona badiliko lolote piga simu kwenye namba uliyopewa tangu mwanzo. Hilo la mwisho halina gharama yoyote, nami nalithamini kuliko programu nyingi zinazouzwa kwa bei kubwa.

Mengine unayajua kuliko mimi: nakala ya kazi zote ihifadhiwe mahali ambapo haijaunganishwa na kompyuta za ofisi, flashi za steshenari zisichomekwe kwenye kompyuta ya mhasibu, programu zisizo na leseni halali ziondolewe. Kuhusu kusasisha mifumo una mfano wa kuwapa. Kirusi cha WannaCry kilichofunga kompyuta duniani Mei 2017, hata hospitali za Uingereza, kilipita kwenye tundu ambalo Microsoft ilikuwa imetoa dawa yake Machi mwaka huo huo. Ukitaka mwongozo wa kukagulia, chukua mambo matano ya Cyber Essentials, utaratibu ulioanzishwa na serikali ya Uingereza mwaka 2014. Umetungwa ukizifikiria hata kampuni ndogo.

Ipo hoja nyingine ya kweli mkononi mwako. Ofisi za safari hukaa na nakala za pasipoti, tarehe za kuzaliwa, hata taarifa za magonjwa ya wageni. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika tarehe 1 Mei 2023, inawataka wanaokusanya na wanaochakata taarifa za watu wajisajili kwenye Tume ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi na wazilinde. Wewe nawe ukianza kushika taarifa za wateja wa watu, sheria hiyo inakuhusu. Jisajili kabla ya kuwahubiria wengine.

Jambo ambalo ningekushika nalo mkono ni funguo. Usiwe wewe unayeshikilia nywila za kampuni ya mtu. Akaunti kuu ya barua pepe, kikoa, na tovuti viandikwe kwa jina la mwenye kampuni, naye awe na njia ya kukufungia nje siku hiyo hiyo mkikosana. Nimepokea barua za wafanyabiashara waliobaki mateka wa fundi wao wa kompyuta, na zinasikitisha. Ukimkabidhi mtu uwezo wa kukuondoa, hatakuwa na sababu ya kukuogopa. Wala usimwahidi kwamba hataibiwa kamwe. Mwahidi kazi utakayofanya, mara ngapi, na utakuja baada ya muda gani akipata tatizo.

Kuhusu kazi, usiache sasa. Soma kwanza mkataba wako wa hotelini uone kama unaruhusiwa kufanya shughuli nyingine, na usimguse mteja wa mwajiri wako. Sajili jina BRELA, chukua TIN na leseni, anza na ofisi mbili za watu wanaokufahamu. Toza ukaguzi wa kwanza kwa bei moja isiyobadilika, kisha ada ya kila mwezi. Tuseme ni shilingi 150,000: wateja 8 wanakupa 1,200,000, na humo kuna kodi, nauli, intaneti, na yule atakayechelewa kulipa mwezi wa Aprili, mvua zikinyesha na wageni wakiwa wachache. Kipato hicho kikikaa miezi sita mfululizo na kufikia mshahara wako, acha kazi.

Mkeo hajakukatalia ndoto, amekuuliza mtakula nini. Kaa naye, mpigie hesabu hizo kwenye karatasi, zikiwa na miezi mibaya ndani yake, na mkubaliane wote wawili kabla hujamwambia mwajiri neno lolote.