Daftari la Proksi: Nani Alimaliza Bando?

Hapa Habaswein nani hamjui mlinzi wa lango la shule? Hutoki mpaka aandike katika daftari lake: jina, saa, unakokwenda. Safu zilichorwa mapema, yeye anajaza tu. Proksi ni mlinzi wa namna hiyo. Ni programu inayokaa kati ya kompyuta za maabara na intaneti. Kompyuta ikiomba ukurasa, ombi linapita kwake, nayo inaandika.

Squid, proksi ya bure iliyoanza mwaka 1996, hukuruhusu kuchora safu hizo mwenyewe. Kiolezo chake cha kawaida huandika saa kwa sekunde tangu tarehe 1 Januari 1970 (nani atahesabu?), kwa hiyo katika faili ya squid.conf tunaandika chetu:

logformat shule %tl %>a %rm %ru %<st

Kila % ni pengo linalongoja kujazwa. %tl ni saa ya hapa kwetu, %>a anwani ya kompyuta iliyoomba, %rm aina ya ombi, kama GET, %ru anwani ya ukurasa, na %<st ukubwa wa jibu kwa baiti. Kisha jina "shule" litajwe kwenye mstari wa access_log, la sivyo kiolezo kitakaa bure.

Sasa hatari. Tuseme bando limeisha ghafula, na aliyeandika kiolezo aliweka %tg badala ya %tl. Herufi moja tu! Lakini %tg ni saa ya Greenwich, iliyo nyuma yetu kwa saa tatu. Filamu iliyopakuliwa saa nane mchana, yaani 14:00, itaandikwa 11:00 +0000. Mwalimu akiuruka ule mkia +0000, atasoma saa tano asubuhi. Saa tano nani alikuwa maabara? Kidato cha pili. Hao watafagia uwanja na vumbi lake lote, na wenye filamu wanacheka bwenini.

Hata saa ikiwa sawa, %>a hutaja kompyuta, haimtaji aliyeikalia. Tena kwa kurasa za https, Squid kwa kawaida huona neno CONNECT na jina la tovuti tu. Ndiyo maana maabara inahitaji pia daftari la karatasi: nani alikaa wapi, saa ngapi.

Zoezi: mstari umeandikwa 06:30 +0000. Habaswein ilikuwa saa ngapi? Mletee katibu wa chama jibu kabla ya kengele ya prepu.